Naam, Tulipaswa Kuvuka Mutukula

Julai 1979 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Monrovia, Liberia, katika kikao cha Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU. Idi Amin alikuwa ameshakimbia, Uganda ina serikali mpya, na mapigano yalikuwa yamekwisha mwezi mmoja na nusu kabla yake. Hata hivyo Julius Nyerere wa Tanzania hakupokewa kwa pongezi. Gaafar Nimeiry wa Sudan, aliyekuwa akimaliza zamu yake ya uenyekiti, aliilaumu Tanzania mbele ya wote. Olusegun Obasanjo wa Nigeria naye akailaumu. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Mkataba wa OAU wa 1963 ulikataza nchi mwanachama kuingilia mambo ya ndani ya mwenzake, na Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilikuwa limevuka mpaka, likateka mji mkuu wa jirani na kumng'oa rais aliyekuwa na kiti chake ndani ya Umoja huohuo. Leo Uganda, kesho zamu ya nani?

Lawama hizo zilikuwa na historia. Obasanjo ndiye kamanda aliyepokea jeshi la Biafra liliposalimu amri Januari 1970, na Tanzania ndiyo iliyokuwa nchi ya kwanza kuitambua Biafra, Aprili 1968. Wengi ukumbini walikuwa wameshika madaraka kwa mtutu wa bunduki, na mtu wa namna hiyo hufikiria usalama wake kwanza linapotajwa jambo la jirani kumwondoa jirani. Lakini mwenye kinyongo naye anaweza kusema kweli. Swali la Monrovia lilistahili jibu mwaka ule, na linastahili jibu leo kutoka kwa kila Mtanzania anayejivunia Vita vya Kagera.

Mimi ni mmoja wao. Naviunga mkono vita vile vyote, kutoka Kyaka hadi Kampala, na miaka iliyopita haijanibadilisha. Naandika kwa sababu naona tunavitetea kwa namna inayokwepa swali lenyewe. Muulize yeyote kwa nini vita vile vilikuwa vya haki, atakujibu: nduli Amin alituvamia. Ni kweli kabisa. Lakini jibu hilo lina mwisho wake, na mwisho wake uko Mutukula mpakani. Halifiki Masaka, halifiki Lukaya, wala halifiki Kampala. Anayetaka kusimama na vita vile lazima awe na jibu la pili, kwa ajili ya kilomita mia mbili na zaidi ambazo askari wetu walitembea ndani ya nchi ya watu.

Sehemu ya kwanza haina ubishi mkubwa. Oktoba 30, 1978 majeshi ya Amin yaliingia kwa wingi katika eneo lililoko kaskazini ya mto Kagera, kati ya mto huo na mstari wa mpaka, ardhi ya kilomita za mraba zipatazo 1,800. Watu waliuawa majumbani na mashambani, wanawake wakabakwa, ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu kuvukishwa mpaka, na kiwanda cha sukari cha Kagera kikaporwa. Kampala ikatangaza kwamba ardhi yote hiyo imekuwa ya Uganda. Siku chache baadaye daraja la Kyaka likalipuliwa, na waliobahatika kuvuka wakawa wakimbizi ndani ya nchi yao wenyewe. Makadirio ya raia waliouawa yanafika 1,500.

Novemba 2 Nyerere alitoa ile hotuba ambayo hata waliozaliwa baadaye wanajua mihimili yake mitatu: uwezo, sababu na nia. Nchi ikahamasika kwa namna ambayo haijawahi kuonekana tena. Mgambo walioitwa kutoka vijijini, vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), polisi na askari magereza waliingizwa jeshini. Malori na mabasi yalichukuliwa kubeba watu na silaha kuelekea Ziwa Magharibi, kama mkoa wa Kagera ulivyoitwa wakati huo. Kufikia mwanzoni mwa Januari 1979 hapakuwa na askari wa Amin aliyebaki kwenye ardhi yetu.

Hapo ndipo vita vya kumtoa mvamizi na vita vya kumwangusha Amin vinapoachana. Kama sababu ilikuwa kumtoa mvamizi, mvamizi alikuwa ametoka. OAU ilikuwa ikituma wajumbe wa usuluhishi, na Amin alikuwa tayari kuzungumza, kwa sababu zake. Kilichofuata kilikuwa uamuzi, na uamuzi huo haukufanywa kwa siku moja. Kwanza ilikuwa Mutukula, kwa hoja ya kijeshi: mwenye kushika miinuko ile anaweza kulipiga bonde la Kagera kwa mizinga wakati wowote. Mutukula ikatekwa usiku wa kuamkia Januari 22. Ikaja hoja ya adhabu, na mwishoni mwa Februari Masaka na Mbarara zikaanguka. Matumaini ya Dar es Salaam yalikuwa kwamba kutoka hapo Waganda wenyewe, wale wa uhamishoni na wale waliochoka ndani ya jeshi la Amin, wangeimaliza kazi. Haikuwa hivyo. Libya ikaleta wanajeshi, na Machi 10 kwenye vinamasi vya Lukaya brigedi moja ya kwetu, yenye mgambo wengi, ikatawanyika mbele ya vifaru. Kesho yake brigedi nyingine ikazunguka, ikapiga kutoka ubavuni na kuvigeuza vita. Baada ya Lukaya hapakuwa na aliyebaki wa kuifikia Kampala isipokuwa jeshi letu. Entebbe ikatekwa Aprili 7, Kampala Aprili 11.

Nyerere alikuwa na maelezo yake kuhusu safari hii. Alisema kuna vita viwili vinavyokwenda sambamba: Tanzania inapigana kumwadhibu mvamizi, na Waganda wanapigana kujikomboa na dikteta wao. Ninamheshimu Mwalimu, na natambua kwa nini kiongozi aliyekuwa akikabiliwa na OAU alihitaji maelezo ya aina hiyo. Lakini hayabebi mzigo wote. Wapiganaji wa Uganda walikuwepo, Kikosi Maalum chini ya Tito Okello na David Oyite Ojok, na FRONASA ya Yoweri Museveni, na walipigana kwa ushujaa. Idadi yao ilikuwa ndogo mno kumwangusha Amin. Aliyemwangusha ni Tanzania. Tuseme hivyo bila kumung'unya maneno.

Na kwa nini ilikuwa haki kumwangusha? Kwa sababu kila njia nyingine ilikuwa imejaribiwa kwa miaka minane, na wenye wajibu wa kufanya jambo walikuwa wameamua kutofanya.

Amin alichukua nchi Januari 25, 1971. Ndani ya mwaka huo huo askari wa Kiacholi na Kilango walichinjwa kambini. Septemba 1972 Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa ndani ya Mahakama Kuu, hakuonekana tena. Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere, Frank Kalimuzo, alitoweka mwaka huohuo. Makumi ya maelfu ya watu wenye asili ya Asia walipewa siku 90 kuondoka. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa pamoja na mawaziri wawili, na taifa likaambiwa ni ajali ya gari. Makadirio ya waliouawa katika utawala ule yanaanzia 100,000 na kwenda juu hadi 300,000 na zaidi. Na OAU ilifanya nini? Mwaka 1975 ilifanya kikao chake Kampala na kumpa Amin uenyekiti wa bara zima. Tanzania, Zambia na Botswana zilisusa. Serikali yetu ilitoa tamko lililohoji kwa nini Afrika inapiga kelele Mwafrika akiuawa na Mzungu, na inanyamaza anapouawa na Mwafrika mwenzake. Hakuna aliyejibu. Alipovamia Kagera, tuliomba jambo dogo tu, kwamba OAU imlaani mvamizi kabla ya kutuambia tukae mezani. Hata hilo halikupatikana.

Kuna watakaoniambia, na kwa haki, kwamba si mauaji ya Waganda yaliyotupeleka Kampala. Asingetuvamia, tusingekwenda. Nakubali. Tuliishi jirani na machinjio yale miaka minane tukiwa na jeshi. Lakini sababu ya kuanza safari na sababu ya kuendelea nayo si lazima ziwe moja, mradi zote mbili ni za kweli na zinasemwa waziwazi. Tulikwenda kwa sababu tulipigwa. Tuliendelea kwa sababu kusimama Mutukula kungemwachia muda wa kujipanga upya kwa fedha na silaha za Libya, na kungewaachia Waganda mtu ambaye sasa alikuwa amedhalilishwa na angetafuta wa kulipizia kisasi. Sidhani kuna Mganda wa Kampala aliyehitaji kuelezwa angekuwa nani.

Hoja nzito kuliko ile ya Monrovia naisikia kwa wenzetu wa hapahapa, na kwa Waganda. Inasema vita vile vilikuwa vya Obote. Nyerere hakuwahi kumkubali Amin kwa sababu Amin alimpindua rafiki yake, basi akamhifadhi Milton Obote Dar es Salaam, akamwachia avamie Uganda Septemba 1972, na mwisho akapata kisingizio cha kumrudisha. Ushahidi wa hoja hii upo, na hauondoki kwa kukasirika. Obote alikaa kwetu miaka tisa. Uvamizi wa 1972 ulitoka kwenye ardhi yetu, ukashindwa vibaya, na Waganda wengi wasio na hatia wakauawa na Amin kwa kushukiwa kuuunga mkono. Mei 1980 Obote alirudi kwao, na Desemba mwaka huo akatangazwa mshindi wa uchaguzi huku majeshi yetu yakiwa bado nchini humo.

Jibu langu linagawanyika. Kuhusu chanzo cha vita, hoja hiyo inaanguka. Baada ya uvamizi wa 1972 palikuwa na mapatano ya Mogadishu, yaliyosimamiwa na Somalia, kila upande ukaahidi kutoruhusu ardhi yake itumike dhidi ya mwingine. Kwa miaka sita kutoka hapo hapakutokea uvamizi mwingine kutoka Tanzania. Aliyevunja amani ya 1978 ni Amin. Na ulipofika wakati wa kuunda serikali ya Uganda mpya, katika mkutano wa Moshi wa Machi 1979, Obote hakuhudhuria. Nyerere alimshauri abaki nyuma, akijua jinsi Waganda wengi, hasa wa Buganda, walivyomchukia. Aliyechaguliwa kuongoza ni Yusuf Lule.

Kuhusu yaliyofuata, hoja inasimama, na nitaifikia.

Wapo pia wanaosema vilikuwa vita dhidi ya Uislamu. Amin aliiingiza Uganda katika Umoja wa nchi za Kiislamu, na Muammar Gaddafi aliipa Tanzania saa 24 iondoke Uganda, kisha akatuma ndege ya kivita iliyoshambulia upande wa Mwanza na kuangusha mabomu yake kisiwani Saanane. Najua maneno haya yaliumiza watu na bado yanaumiza. Mkuu wa majeshi yetu katika vita vile alikuwa Jenerali Abdallah Twalipo. Waislamu na Wakristo wa nchi hii walilala handaki moja na kuzikwa safu moja. Aliyekusudia kuvigeuza viwe vita vya dini ni Amin, naye alishindwa Tanzania. Uganda kwa bahati mbaya hakushindwa kabisa: mwaka uleule, huko Ankole, Waislamu waliuawa na majirani zao kwa kulipizwa madhambi ya mtawala waliyekuwa pamoja naye kwa jina la dini tu.

Anayeviunga mkono vita vile lazima afanye pia hesabu ya tuliyoyatenda, na hesabu hiyo inaanzia Mutukula yenyewe. Baada ya mji ule kutekwa, askari wetu waliwaua raia waliowakuta na nyumba zikasawazishwa kwa matingatinga. Ilikuwa kisasi cha Kagera. Habari zilipomfikia Nyerere zilimshtua, na amri ikatoka kwamba raia na mali zao wasiguswe. Mwezi mmoja baadaye Masaka ilipigwa mizinga, na baada ya kutekwa majengo yake yakalipuliwa moja baada ya jingine kwa baruti. Mbarara nayo hivyohivyo. Aliyeona kiwanda cha Kagera kilivyoachwa anaweza kuelewa hasira ile. Lakini duka la Masaka halikuvamia Kyaka, wala mwenye duka hakumchagua Amin. Naunga mkono vita, siungi mkono matingatinga ya Mutukula, na sitasema kuwa ndivyo vita vilivyo, kana kwamba mvua ilinyesha tu. Amri ya kulipua Masaka ilitolewa na watu, na watu hao walikuwa wetu.

Aprili ile Kampala ilituona kwa sura nyingine. Watu walimiminika barabarani kuwashangilia askari wetu, wakawaita Bakombozi. Wanyonge wale waliokuwa wakipita mbali na jengo la usalama la Nakasero waliingia ndani kutafuta ndugu zao kwenye vyumba vya mateso. Kiswahili, ambacho kwa raia wengi wa kusini mwa Uganda kilikuwa lugha ya askari wanaovunja mlango usiku, kwa majuma kadhaa kilikuwa lugha ya wakombozi. Furaha ile ilikuwa ya kweli na ni sehemu ya hesabu. Anayevipinga vita vile anapaswa kuibeba, kama mimi ninavyobeba Mutukula. Ila haikudumu. Uporaji ulianza, wenyeji wakiupora mji wao na baadhi ya askari wetu nao wakikusanya saa, redio na magari. Kadiri miezi ilivyopita bila mishahara na bila tarehe ya kurudi nyumbani, ndivyo nidhamu ilivyozidi kuporomoka, na Bakombozi wakaanza kuogopwa.

Jambo linalonisumbua kuliko yote ni la kisiasa. Vita tulivipanga kwa miezi. Amani tuliipangia mkutano wa Moshi wa siku tatu, Machi 24 hadi 26. Vikundi zaidi ya ishirini vya Waganda wa uhamishoni, ambavyo havikuwa vimewahi kukubaliana jambo, viliambiwa viunde serikali huku mizinga ikisikika njiani kuelekea Kampala. Lule alidumu siku 68. Aliondolewa na baraza lake mwenyewe, Tanzania ikiridhia, kisha akaletwa Dar es Salaam na kuzuiliwa asirudi kwao. Godfrey Binaisa aliyemfuata, ambaye ndiye aliyeitetea Tanzania kule Monrovia, akang'olewa Mei 1980 na Tume ya Kijeshi iliyoongozwa na Paulo Muwanga, mtu wa Obote. Majeshi yetu yalikuwa palepale na hayakumzuia Muwanga. Desemba ukaja uchaguzi, ambao Muwanga alijitwalia mamlaka ya kutangaza matokeo. Februari 1981 Museveni akaingia msituni. Katikati ya 1981 vikosi vyetu vya mwisho vikarudi nyumbani, na nyuma yao Uganda ikaungua: Nile Magharibi ambako jeshi jipya lililipiza kisasi kwa watu wa kabila la Amin, na Luwero, ambako makadirio ya waliokufa hadi 1985 yanakaribia yale ya utawala wa Amin mzima.

Hapa wako wanaosema: basi mlimtoa mmoja mkamweka mwingine, heri mngebaki nyumbani. Sikubali. Kosa la 1980 halikuzaliwa na kuvuka Mutukula. Lilizaliwa na sisi kuwa na nguvu ya kumng'oa dikteta, kisha kutumia nguvu hiyohiyo, kwa kutenda na kwa kunyamaza, kumrudisha mtu mmoja tuliyemjua na kumwamini. Tungeweza kusimamia kipindi kirefu cha mpito. Tungeweza kumwambia Muwanga hapana. Tulikuwa na askari wapatao elfu kumi pale, hakuna nchi nyingine duniani iliyokuwa na uwezo huo. Ninapoviunga mkono vita hivi, ninamdai aliyevipigana kwa haki kuliko ninavyomdai mwingine. Nyerere alijua Waganda hawamtaki Obote; Moshi alionyesha kwamba anajua. Mwaka mmoja baadaye alitenda kama asiyejua.

Gharama yetu wenyewe nitaipitia kwa haraka, si kwa kuwa ni ndogo, bali kwa kuwa tunaijua. Askari wetu 373 walikufa, wengi wao kwa ajali na maradhi kuliko risasi. Makaburi ya Kaboya, wilayani Muleba, yapo, nenda ukayaone. Fedha zilizotumika zinakadiriwa kufika dola milioni 500, na zilitumika mwaka uleule bei ya mafuta ilipopanda duniani na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika miaka miwili kabla. Mwalimu aliomba tufunge mikanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ikawa miaka. Foleni za sukari, sabuni na khanga, magendo, silaha zilizozagaa, msako wa wahujumu uchumi wa 1983: si yote yalitokana na vita, ila vita viliondoa akiba ambayo ingetusitiri. Watu wazima wa kizazi kile walilipa kwa mlo wao wa kila siku, na dunia iliyofurahi kuona Amin ameondoka ilichangia kidogo sana. Mwaka huohuo wa 1979 Shirika la Fedha la Kimataifa lilikuwa likitushinikiza tushushe thamani ya shilingi.

Nimesema msimamo wangu haujabadilika, na kuna sababu ya kuulizwa kama ni ukaidi tu. Tumemwona Tony Blair, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza. Vita vya Irak vya 2003 vilipiganwa kwa madai ya silaha za maangamizi ambazo hazikuwepo, na ripoti ya tume ya Chilcot ya Julai 2016 ilionyesha kwamba njia za amani hazikuwa zimekwisha pale vita vilipoanzishwa. Siku ileile Blair alisimama mbele ya waandishi, akaomba radhi kwa machungu yaliyotokea, na bado akashikilia kwamba uamuzi wenyewe ulikuwa sahihi. Kusimama imara hakumpi mtu haki. Kwa hiyo nasema kitakachonivunja mimi. Ikithibitika kwamba uvamizi wa Oktoba 1978 tuliutengeneza sisi, nitaondoka. Ikithibitika kwamba OAU au yeyote alikuwa na njia ya kumdhibiti Amin na Tanzania ikaikataa kwa kiu ya vita, nitaondoka. Ikithibitika kwamba Waganda wa Aprili 1979 walitaka abaki, nitaondoka. Hadi sasa ninachokiona kinaelekea upande mwingine, na hata Waganda walioteswa na yaliyofuata sijawasikia wengi wakisema Amin angeachwa.

Afrika yenyewe ilibadilika baadaye, ila baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994. Sheria iliyounda Umoja wa Afrika, iliyopitishwa Lomé mwaka 2000, ina kifungu cha 4(h), kinachoupa Umoja haki ya kuingilia kati ndani ya nchi mwanachama panapotokea uhalifu wa kivita, mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya binadamu. Ndiyo hoja ya Nyerere, ikiwa imekuja miaka ishirini baada ya Monrovia, na ikiwa na sharti ambalo Tanzania ya 1979 haikuwa nalo: uamuzi utoke kwa nchi zote pamoja. Sharti hilo ni jema. Nyerere ndiye aliyepeleka Cairo, Julai 1964, azimio la kuheshimu mipaka tuliyorithi, na alijua kwamba kila jirani mwenye nguvu akijipa ruhusa ya kuvuka, bara hili halitalala. Lakini kifungu kimebaki karatasini. Desemba 2015 Umoja wa Afrika ulikusudia kupeleka askari 5,000 Burundi. Bujumbura ikakataa, na Januari 2016 wakuu wa nchi wakarudi nyuma. Waliokufa Burundi hawakupata wa kuwavukia mpaka.

Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba Kagera ni jambo la kuadhimishwa kwa gwaride na kuimbiwa watoto kwenye mchakamchaka pekee. Bado ni hoja hai. Tukitaka kuitetea mbele ya nchi nyingine, kazi ya kwanza iko kwetu, na iko wazi. Serikali ya Tanzania iseme rasmi kilichotokea Mutukula Januari 1979 na Masaka mwezi uliofuata, iwaombe radhi watu wa miji hiyo, na ifungue kumbukumbu za jeshi kwa watafiti wa nchi zote mbili, kuanzia Oktoba 1978 hadi kikosi cha mwisho kiliporudi mwaka 1981, pamoja na yote yaliyoandikwa kati ya Ikulu na Kampala mwezi Mei 1980. Wapo wazee wa Masaka ambao bado wanakumbuka mlipuko gani ulibomoa jengo gani. Wasisubirishwe hadi wafe ndipo tupate ujasiri wa kuwajibu.